Magari yanayofanana ya kampuni pinzani: nani kamwiga nani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaonunua magari, wanaoyatengeneza na wanaobishana kuyahusu. Magari mawili yanaweza kufanana kwa sababu nyingi, na kuiga ni mojawapo tu. Wala si ndiyo inayotokea mara nyingi zaidi. Shutuma ya wizi wa kazi ya mtu ni nzito, kwa hiyo inastahili kupimwa kwa vipimo.

Nimeona magari mawili yanafanana. Nianzie wapi?

Anza kwa kuuliza kama kweli ni magari mawili. Sehemu kubwa ya ubishi wa "hawa wamewaiga wale" huishia hapo, kwa sababu kilichopo ni gari moja lililotoka kiwanda kimoja likapewa nembo mbili. Kama ni magari mawili kweli, uliza sheria ya ukubwa au ya usalama imelazimisha nini. Halafu uliza kuhusu upepo: ni umbo gani linalopunguza mafuta? Halafu mchoraji, maana huenda ni nyumba moja ya usanifu iliyouza kazi pande zote mbili.

Ukishaondoa hayo yote, kinachobaki ndicho cha kupima: mistari, mikunjo na mapambo ambayo hayakudaiwa na sheria, upepo wala mzigo. Mtu akichora kitu ambacho hakulazimika kukichora, na mwingine akakitoa vilevile miaka mitatu baadaye, hapo ndipo pana kesi.

Toyota Passo na Daihatsu Boon: nani alimwiga mwenzake?

Hakuna aliyemwiga mwenzake. Ni gari moja la Daihatsu, kampuni iliyo chini ya Toyota. Ndivyo ilivyo kwa Toyota Rush na Daihatsu Be-go, kwa Toyota bB ya kizazi cha pili na ndugu zake Daihatsu Coo na Subaru Dex, na kwa Toyota Roomy, Toyota Tank, Daihatsu Thor na Subaru Justy, ambayo yote manne ni bodi moja.

Mpango huo haufanywi na kampuni za ukoo mmoja peke yake. Wapinzani nao hushirikiana. Toyota Starlet iliyoanza kuuzwa Afrika mwaka 2020 ni Suzuki Baleno inayoundwa India. Toyota 86 na Subaru BRZ za mwaka 2012 zilitoka kiwanda cha Subaru mkoani Gunma, Japani, injini ikiwa ya Subaru na mfumo wa kupulizia mafuta ukiwa wa Toyota. Kwenye pikapu, Mercedes-Benz X-Class (2017 hadi 2020) ilijengwa juu ya Nissan Navara, na Volkswagen Amarok ya kizazi cha pili ni ndugu wa Ford Ranger, yote mawili yakitoka kiwanda cha Silverton, Afrika Kusini. Mazda BT-50 ilikuwa ndugu wa Ranger mpaka mwaka 2020, kisha ikahamia kwa Isuzu D-Max.

Sababu ni gharama. Kalibu za chuma za kufinyanga mabati ya bodi, majaribio ya kugongesha na vibali vya moshi hugharimu fedha nyingi mno kwa gari litakalouzwa kwa idadi ndogo. Ni nafuu kununua gari la mwenzako, ukabadilisha bampa, grili na taa.

Mtego unaowakamata wengi ni Mazda Familia Van. Zile za zamani, tangu katikati ya miaka ya 1990, ni Nissan AD. Kuanzia mwaka 2018 ni Toyota Probox. Jina ni lilelile, lakini hakuna kioo wala mlango unaoingiliana kati ya hizo mbili. Ukienda kwenye maduka ya spea ya Gerezani (Dar es Salaam) au Kirinyaga Road (Nairobi) ukaomba "mlango wa Familia Van" bila kutaja mwaka na namba ya chesisi, umeenda kubahatisha.

Nitathibitishaje kama ni gari moja lenye nembo mbili?

Njia ya haraka kabisa ni namba ya chesisi. Magari yaliyoundwa kwa soko la ndani la Japani hayana ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Yana msimbo wa modeli, kistari, kisha namba ya gari lenyewe. Roomy na Tank ni M900A, Thor ni M900S, Justy ni M900F. Passo ya mwisho ni M700A, Boon yake ni M700S. Rush ni J200E, Be-go ni J200G. Mwanzo ukiwa uleule na herufi ya mwisho tu ikabadilika, una pacha mkononi. Kanuni hii haishiki kila mahali: 86 ni ZN6 na BRZ ni ZC6, na ni pacha vilevile.

Kwa namba ya 17, herufi za mwanzo zinataja nchi ya aliyeunda: J ni Japani, L ni Uchina, W ni Ujerumani, MA hadi ME ni India, AA hadi AH ni Afrika Kusini. Gari lenye nembo ya Kijapani na namba inayoanza na MA linakwambia lenyewe kwamba limeundwa India, hata kabla hujafungua boneti.

Njia ya pili ni namba za spea. Namba ya Toyota huwa na sehemu mbili za herufi au tarakimu tano tano. Sehemu ya pili ikianza na B, mara nyingi spea hiyo ni ya gari lililoundwa na Daihatsu. Kwenye Toyota 86 utakuta spea zinazoanza na SU003. Hizo ni za Subaru. Kwenye taa, tazama maandishi yaliyochorwa juu ya lenzi: jina la mtengenezaji kama Koito, Stanley au Ichikoh, likifuatiwa na namba. Namba hiyo ndiyo utambulisho wa taa. Taa mbili zinaweza kuonekana sawa kwa macho na zikapishana sehemu za kufungia.

Njia ya tatu ni ya fundi bodi: kioo cha mbele na bawaba za milango. Bampa, grili na taa ndivyo vinavyobadilishwa kwanza, kwa hiyo ndivyo vinavyodanganya kwanza. Kioo cha mbele ni ghali kukibadilisha, kwa sababu ukikigusa umegusa nguzo zake, paa na dashibodi. Kioo cha gari A kikikaa kwenye gari B bila kubana ukingoni, na bawaba zikaangukia matundu yaleyale, bodi ni moja. Kwenye magari yanayofanana kwa sura tu, kioo hukataa kwa milimita chache za mkunjo. Ukikilazimisha kwa gundi, kitapasuka kuanzia pembeni gari likipita kwenye mashimo, au kitavuja mvua ya kwanza.

Mbona Nissan Caravan NV350 inafanana sana na HiAce? Hiyo nayo si kuiga?

Hili ndilo swali tunaloulizwa zaidi, na linaeleweka. Kwenye daladala na matatu magari haya mawili yanasimama bega kwa bega, na kwa mbali hata kondakta mzoefu anaweza kuyachanganya.

HiAce ya H200 ilitoka mwaka 2004. Ile ya bodi nyembamba ina urefu wa milimita 4,695, upana 1,695 na kimo 1,980. NV350 ilitoka mwaka 2012 ikiwa na urefu wa milimita 4,695, upana 1,695 na kimo 1,990. Ukiona vipimo hivyo bila kujua sheria ya Japani, utasema mtu amechukua futi akapima gari la mwenzake.

Sheria ya Japani inaweka daraja la gari dogo kuwa lisilozidi urefu wa mita 4.7, upana mita 1.7 na kimo mita 2.0. Gari la kubebea mizigo likivuka hapo linapanda daraja, na gharama za mwenye nalo zinapanda. Kampuni zote mbili zimejibana milimita tano ndani ya mpaka uleule. Kisha kila mmoja anataka sehemu ndefu ya mizigo: HiAce ikatoa mita 3.0, Nissan akajibu kwa mita 3.05. Ili kuipata nafasi hiyo ndani ya mita 4.7, injini haina pa kukaa isipokuwa chini ya viti vya mbele, pua haiwezi kutokeza, na kuta za pembeni lazima zisimame wima. Hapo boksi limejichora lenyewe.

Lakini tuseme kweli yote. Sheria haikuamuru umbo la taa za mbele, wala namna kioo cha dereva kinavyoshuka chini kuliko vingine. Nissan aliingia soko ambalo HiAce alikuwa amelishika, na hakuwa na sababu ya kuwashtua wateja kwa sura ngeni. Tunaita hiyo kumfuata kiongozi wa soko. Si kunakili: mabati, vioo na milango ya magari haya havibadilishani hata kimoja, na ukiyaweka sambamba utaona mkunjo wa ubavu na nguzo za nyuma vimechorwa na mikono tofauti.

HiAce pana ya milimita 1,880, ambayo nyingi ndizo hutumika kubebea abiria, imetoka nje ya mpaka huo. Pua yake ya boksi imebaki kwa sababu ni bodi ileile iliyopanuliwa.

Na kirikuu?

Ni sheria hiyohiyo, ila imebana zaidi. Magari madogo kabisa ya Japani hayaruhusiwi kuzidi urefu wa mita 3.4, upana mita 1.48, kimo mita 2.0 na injini ya sentimita za ujazo 660. Suzuki Carry, Daihatsu Hijet na Honda Acty (iliyoacha kuundwa mwaka 2021) ni wapinzani halisi waliobanwa kwenye kisanduku kimoja. Mazda Scrum, kwa upande mwingine, ni Suzuki Carry yenye nembo nyingine, na Toyota Pixis Truck ni Hijet. Kwa hiyo kwenye maegesho ya kirikuu unaweza kukuta sababu mbili tofauti za kufanana zimesimama mstari mmoja.

Honda Insight ya mwaka 2009 ilionekana kama Prius. Honda aliiga?

Ni upepo. Hewa inayopita juu ya paa inatakiwa kuteremka taratibu ikiwa bado imeshikamana na bodi. Ikiachia mapema, nyuma ya gari panabaki mvutano unaolirudisha gari nyuma na kula mafuta. Majaribio maarufu ya mwaka 1984 kwa kutumia boksi la mfano yalionyesha kwamba ukinzani hupanda kadiri mteremko wa nyuma unavyokaribia nyuzi 30, kisha hubadilika ghafla. Wachoraji wanaukwepa ukanda huo: wanateremsha paa kwa mteremko mdogo, kisha wanaukata mkia wima. Mkato huo umebeba jina la Wunibald Kamm, mhandisi wa Kijerumani wa miaka ya 1930.

Prius ya mwaka 2003 ilifikia kipimo cha ukinzani cha 0.26 kwa umbo hilo. Honda mwenyewe alikuwa ameshatoa Insight ya kwanza mwaka 1999 yenye 0.25. Mkia uliokatwa wenye kioo cha pili kidogo kilichosimama wima si mali ya Toyota. Ni jibu la hesabu ambayo kila mhandisi anaifanya: paa likiteremka taratibu, dereva haoni nyuma, na kioo hicho cha pili kinamrudishia kuona.

Wazee wanasema Peugeot 404 ilifanana na Austin na Morris za wakati wake. Ni kweli?

Ni kweli, na mchoraji alikuwa mmoja. Nyumba ya usanifu ya Pininfarina, Italia, ilifanya kazi kwa wateja kadhaa kwa wakati mmoja. Austin Cambridge na Morris Oxford za mwaka 1959, na Peugeot 404 ya mwaka 1960, zote zilitoka kwenye mawazo hayo: pembe kali, kiuno kilichonyooka, na mapezi madogo juu ya taa za nyuma. 404 ndiyo iliyojenga jina Afrika Mashariki, ikishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968.

Jambo hilo lilirudi baadaye kwa Alfa Romeo 164 ya mwaka 1987 na Peugeot 605 ya mwaka 1989, zote za Pininfarina. Mteja wa pili hajamwibia wa kwanza, ila ana haki ya kulalamika kwamba amelipia mtindo ambao mwenzake anao tayari. Tunadhani Peugeot alikuwa na sababu ya kununa kuhusu 605.

Siku hizi mawazo husafiri pia kwa watu kuhama. Peter Schreyer alitoka kundi la Volkswagen na Audi akaenda Kia mwaka 2006, na mwaka uliofuata grili iliyobanwa katikati juu na chini ikaanza kuonekana kwenye gari la maonyesho la Kia. Mtu akihama anahama na jicho lake, na hakuna sheria inayoweza kumvua.

Je, Land Cruiser ilianza kama nakala ya Jeep?

Wazo la gari, ndiyo. Bati kwa bati, hapana. Toyota BJ ya mwaka 1951 ilifuata mfano wa Willys Jeep ya vita, na mwanzoni iliitwa Toyota Jeep. Jina lilikuwa alama ya biashara ya watu wengine, na mwaka 1954 likabadilishwa kuwa Land Cruiser. Land Rover nayo, iliyozinduliwa mwaka 1948, ilianza kwa gari la majaribio lililojengwa juu ya chesisi ya Jeep. Nissan Patrol ya mwaka 1951 iko kwenye ukoo huohuo. Toyota alitumia injini yake ya petroli ya silinda sita ya lita 3.4, kubwa kuliko ya Jeep, na kuanzia hapo gari likaenda njia yake.

Kesi ipi ya kuiga iliyo wazi kabisa?

Landwind X7 ya Uchina dhidi ya Range Rover Evoque.

Evoque ilitokana na gari la maonyesho la LRX la mwaka 2008, ikaanza kuundwa mwaka 2011. Itazame kutoka ubavuni. Paa linateremka kuelekea nyuma huku mstari wa chini wa madirisha ukipanda, hivyo vioo vinabanana mpaka karibu vikutane. Nguzo ni nyeusi, kwa hiyo paa linaonekana kama linaelea. Hakuna sheria iliyodai hivyo, wala si umbo linalomsaidia mtumiaji: abiria wa nyuma anapoteza mwanga, na dereva haoni vizuri nyuma. Ni uamuzi wa mchoraji aliyekubali hasara ili gari lake litambulike.

Mwishoni mwa mwaka 2014 Landwind X7 ilionyeshwa Guangzhou ikiwa na uamuzi huohuo mzima: paa, madirisha, boneti, mkao wa taa, mpaka nafasi za herufi za jina juu ya boneti. Hakuna sheria ya ukubwa ya kujitetea nayo, hakuna hesabu ya upepo, hakuna mchoraji wa pamoja wala mkataba. Mwezi Machi 2019 Mahakama ya Wilaya ya Chaoyang, Beijing, ilisema sura tano za kipekee za Evoque zilinakiliwa na wanunuzi walichanganywa. Iliamuru X7 isiundwe, isiuzwe wala kutangazwa tena, na fidia ilipwe.

Kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo? Kwa sababu usajili wa muundo wa Evoque nchini Uchina ulifutwa mwaka 2016: gari lilikuwa limeonyeshwa hadharani kabla ya ombi kupelekwa, na kitu kilichokwisha kuonekana si kipya tena kisheria. Usajili wa Landwind nao ulifutwa. Jaguar Land Rover, wenye Evoque, walishinda kwa sheria ya ushindani usio wa haki. Ni funzo la gharama kubwa kwa yeyote anayebuni kitu, liwe gari au kiti: sajili kwanza, onyesha baadaye.

Mbona kesi nyingine zinazofanana na hiyo zilishindwa?

Kwa sababu usajili hauvuki mpaka, na kila mahakama inapima kivyake. Mwaka 2008 mahakama ya Turin ilizuia Great Wall Peri kuingizwa Ulaya kwa kuwa ilifuata Fiat Panda. Mahakama ya Shijiazhuang, Uchina, ikaiona Peri kuwa halali. Mwaka huohuo mahakama ya Munich ilizuia Shuanghuan CEO isiuzwe Ujerumani kwa kufanana na BMW X5. Lakini Shuanghuan hiyohiyo, ilipogombana na Honda kuhusu SR-V na CR-V, ilishinda: mwaka 2015 mahakama ya juu ya Uchina ilimwagiza Honda ailipe yuani milioni 16, kwa sababu barua za onyo alizowatumia wauzaji ziliharibu biashara ya mwenzake. Kumwita mtu mwizi kabla ya hukumu kuna bei yake.

Chery QQ dhidi ya Daewoo Matiz iliishia kwenye maelewano nje ya mahakama mwaka 2005. Matiz yenyewe ilitokana na Lucciola, mchoro wa Italdesign uliokuwa umependekezwa kwa Fiat kwanza ukakataliwa.

Je, umbo zima la gari linaweza kulindwa milele?

Usajili wa muundo una mwisho: miaka 25 Umoja wa Ulaya, 15 Marekani, na 15 Uchina tangu Juni 2021. Ndiyo maana kampuni hujaribu njia ya alama ya biashara, isiyo na mwisho.

Jeep walifaulu Marekani. Mwaka 2020 tume ya biashara ya kimataifa ya nchi hiyo ilisema Mahindra Roxor ilikiuka sura ya Jeep. Sura hiyo iliorodheshwa kipande kwa kipande: ubavu bapa uliosimama wima, boneti bapa inayosinyaa kuelekea mbele, matao ya magurudumu yenye umbo la trapeza, grili bapa yenye matundu marefu ya wima, lachi za boneti zilizo nje, na mkato wa milango. Mahindra, aliyekuwa akiunda Jeep kwa leseni India tangu miaka ya 1940, alibadilisha uso wa Roxor na akaruhusiwa, ingawa mahakama ya rufaa baadaye iliagiza jambo hilo litazamwe upya.

Land Rover walishindwa Uingereza. Walitaka umbo la Defender lisajiliwe kama alama ya biashara, wakakataliwa mwaka 2019, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ikashikilia uamuzi huo. Ndiyo maana Ineos Grenadier, gari la kampuni nyingine lenye umbo kama la Defender, ipo barabarani na wima wake wote.

Nataka kulinganisha mwenyewe. Nifanyeje?

Tumia picha za ubavu. Picha za pembe ya mbele ndizo wabishi wanazozipenda, na ndizo mbaya kuliko zote, maana pembe ikibadilika kidogo grili inakua au inasinyaa. Ukipiga mwenyewe kwa simu, rudi nyuma mita 8 hadi 10, vuta picha mara mbili au tatu, na shika simu usawa wa kitasa cha mlango. Ukisogea karibu, lenzi pana itavimbisha kilicho karibu na kukupa gari lisilokuwepo.

Kisha tafuta kipimo cha kati ya ekseli mbili kwenye karatasi ya vipimo ya kila gari, na ukuze au upunguze picha kwa uwiano wake halisi. Usitumie ukubwa wa gurudumu, kwa sababu rimu za inchi 15 na 18 zitaharibu hesabu yote. Weka picha moja juu ya nyingine ikiwa na uwazi wa nusu, ekseli ya mbele juu ya ekseli ya mbele.

Sasa tazama kwa mpangilio huu: mguu wa kioo cha mbele uko umbali gani kutoka ekseli ya mbele, paa lina kilele wapi, mstari wa chini wa madirisha unapanda kwa kiasi gani, nguzo ya nyuma imelala vipi. Hivyo vinne ni mifupa. Vikipishana, magari ni tofauti hata taa zikifanana. Vikikutana, nenda kwenye mikunjo ya ubavu na mahali inapoanzia na kuishia. Andika tofauti zote pia, si mifanano peke yake. Anayeorodhesha mifanano tu ataipata kwenye magari yoyote mawili.

Angalizo: ekseli kuwa umbali tofauti hakuondoi kuiga. Mtu anaweza kunakili ngozi na kuivika juu ya chesisi nyingine.

Yakitoka mwaka mmoja je?

Basi kunakili karibu hakuwezekani. Kuanzia mchoro wa kwanza, mfano wa udongo wa robo ya ukubwa, mfano wa udongo wa ukubwa kamili, hadi kalibu za chuma na majaribio, bodi mpya huchukua takriban miaka mitatu hadi minne, na sura hufungwa muda mrefu kabla ya mauzo. Magari mawili yakizinduliwa kwa miezi tofauti ya mwaka mmoja, michoro yake ilifungwa bila mmoja kumwona mwenzake, ukiacha uvujaji wa siri. Tofauti ya miaka miwili hadi minne ndiyo ya kutilia shaka. Na kama ni uso tu uliobadilishwa, bampa, grili na taa, muda unaohitajika ni mfupi zaidi.

Kwa nini magari mapya yote yameanza kufanana?

Boneti zimepanda kwa sababu sheria za kumlinda mtembea kwa miguu zinataka nafasi kati ya bati la boneti na injini, ili kichwa kisikutane na chuma kigumu. Taa za LED zimekuwa nyembamba, ndiyo maana kila mmoja amechora mstari wa mwanga kutoka upande hadi upande. Gari la umeme lina betri katikati ya ekseli, hivyo magurudumu yanasukumwa pembeni na pua inafupishwa. Mengine ni mtindo tu, na mtindo hauna mwenyewe.

Sheria inasemaje huku kwetu?

Kenya, usajili wa muundo hufanywa na KIPI, taasisi ya mali ya viwanda ya nchi hiyo, hudumu miaka 5 na huweza kurefushwa mara mbili hadi miaka 15. Kupitia ARIPO, shirika la mali ya ubunifu la nchi kadhaa za Afrika lenye makao Harare, ombi moja linaweza kutaja nchi wanachama kadhaa, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Usajili wa Ulaya au Japani peke yake haufanyi kazi hapa.

Kutengeneza au kuuza bampa na taa za mfano wa kampuni ni kuiga?

Ulaya wameweka nafasi kwa ajili ya matengenezo: sehemu inayorudisha gari kwenye sura yake ya awali inaruhusiwa. Mwezi Desemba 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi za Acacia dhidi ya Audi na Porsche, ilisema, kwa sheria ya wakati huo, hata rimu zinaingia humo, ilimradi zifanane kabisa na za awali. Rimu yenye muundo wa kampuni lakini rangi au saizi nyingine haikupata kinga hiyo. Kubandika nembo ya kampuni kwenye spea isiyo yake ni kosa tofauti, la alama ya biashara.

Nikinunua pacha lenye nembo isiyojulikana, ushuru na spea zitakuwaje?

Kwenye ushuru, angalia majina yote mawili kwenye mfumo wa TRA wa kuthamini magari yaliyotumika, au orodha ya bei za KRA, kabla hujalipia gari Japani. Pacha huweza kuwa na thamani tofauti kwenye orodha kwa jina tu, na kitakachotumika ni jina lililo kwenye hati za gari.

Kwenye spea, injini, breki, vioo na milango ya pacha huingiliana mara nyingi. Bampa, grili na taa za mbele ndizo za kuulizia kwa jina la nembo. Rimu zina mtego wake. Toyota 86 ina boliti tano kwa kipimo cha 5x100, sawa na Toyota Wish, na watu hudhani rimu zinabadilishana. Tundu la katikati la rimu ya Wish ni milimita 54.1, wakati habu ya 86 ni ya Subaru, milimita 56.1. Rimu ya Wish haitakaa mpaka mwisho. Ukiikaza kwa boliti hivyohivyo, itaninginia kwenye boliti, italegea njiani na kuzikata. Rimu ya Subaru yenye 5x100 ndiyo inayoingia.